Kombi Iliyozimika Kila Nusu Saa

Ugonjwa wa gari unaokuja na kuondoka ni mbaya kuliko ule unaokuja na kukaa. Gari iliyokufa kabisa ina heshima yake. Unaifungua, unatafuta, unaona kilichovunjika, unabadilisha, unanawa mikono kwa sabuni na mchanga. Lakini ile inayozimika barabarani, kisha ukiigusa kidogo inawaka kama vile hakuna kilichotokea, hiyo inakugeuza mwongo mbele ya watu. Leo unamwambia mwenyewe imepona, kesho anakupigia simu yuko pembeni ya njia.

Mimi niligeuzwa mwongo na kombi moja kwa wiki tano, na wakati huo kulikuwa na mama mmoja amelala kitandani, mtaa wa Kinindo, akitusubiri.

Ilikuwa kombi ya zamani ya petroli, injini yake nyuma, juu rangi ya maziwa, chini kijani kilichochoka. Ndani haikuwa na viti vya abiria. Ilikuwa na kitanda kizima nyuma, juu ya injini, na mapazia, na kabati la vyombo, na beseni la bati lenye mfereji wake mdogo. Wazungu wawili walikuja nayo kutoka kwao, walivuka nchi sijui ngapi, walipofika Bujumbura wakachoka wakapanda ndege. Aliyeinunua alikuwa mume wa mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Alitaka kumzungusha mke wake nchi nzima siku wakistaafu. Alikufa kabla hajalala ndani yake hata mara moja, na gari ikabaki chini ya kibanda cha bati uani, kuku wakitaga nyuma ya magurudumu. Yule mjane tulimwita Madamu, kama watoto wote wa mji huu wanavyowaita walimu wao wa kike, hata kama hakukufundisha wewe.

Siku alipokuja garajini kwetu Buyenzi, mjomba alikuwa chini ya lori, miguu tu inaonekana. Ni kaka yake mama yangu. Ndiye aliyenichukua nilipofeli mtihani wa mwaka wa tisa, akaniambia vitabu vimenikataa lakini vyuma havina maneno mengi. Alitoka chini ya lori akasikiliza amekaa juu ya tairi.

"Nataka ile gari itembee," Madamu alisema. "Imupandishe dada yangu kwetu, huko mbele ya Bugarama, upande wa Muramvya. Mugongo umemushinda. Kukaa hawezi tena, ni kulala tu."

"Madamu, si kuna ambulance?"

"Anakataa."

"Anakataa kwa sababu gani? Iko na kitanda, iko na njia wazi mbele."

"Uje umuulize mwenyewe."

Tulikwenda nyumbani kwa Madamu, Kinindo, kweli tulimuuliza. Tulimkuta amelala chali kwenye chumba kinachotazama mwembe wa jirani, mwanamke mkubwa wa mwili, kitambaa cha kijani kichwani, macho yanatembea haraka kuliko maneno yetu. Alikuwa ameuza mawese Kanyosha tangu ujana mpaka mgongo ulipomwangusha. Mjomba alirudia swali lake kwa adabu.

"Fundi," alisema yule mama, "ambulance ikiingia kule kwetu, watu hawaulizi habari za safari. Wanatafuta majembe. Nitakuwa bado napumua, wao wameshapima shimo." Akanigeukia mimi. "We kijana, ukienda kutembelea kwenu, unaenda na king'ora?"

"Apana, mama."

"Basi na mi naenda kutembelea. Sijui nitakaa kiasi gani. Lakini naingia kama mugeni, siingii kama maiti iliyochelewa."

Madamu alitazama dirishani. Mjomba alisema sawa, tutaitengeneza, na itakuwa kabla ya mvua, maana mvua ikishika ile barabara ya mlima udongo unashuka na magari yanalala njiani.

Kazi tuliifanyia palepale uani kwa Madamu. Niseme ukweli, niliipenda ile kombi kuliko ilivyofaa. Saa ya kula nilikuwa napanda na sahani yangu ya maharage, nakaa kando ya kitanda, nafungua pazia, na ninaondoka. Nilishafika Kigoma. Nilishazunguka ziwa lote, nikarudi kwa upande wa Uvira, nimeegesha ufukweni, nakaanga samaki kwenye jiko letu la ndani. Fundi wa jirani, anayechomelea mageti, alikuwa akipita ananigongea bati: "Patron, umefika wapi leo?" Namjibu, "Kalemie." Anasema, "Uniletee kitenge." Hivyo ndivyo siku zilivyokwenda.

Mjomba alichukua kazi kubwa: breki, kabureta, nyaya zilizoliwa na panya. Mimi nilipewa zile za kunyamazisha mtu. Kupiga mswaki matairi. Kushona mapazia. Kusugua kutu. Katika kusugua nikafika kwenye kifuniko cha tangi, nikaona kina katundu kadogo katikati, kama kametobolewa na sindano, na ukisogeza pua harufu ya petroli inatoka. Nyinyi mnajua siku hizo petroli ilikuwa nini hapa. Watu walikuwa wanasukuma magari yao kwenye mlongo, ile foleni ya kituo cha mafuta, kuanzia asubuhi, wanakula pale, wanaswali pale, wanafahamiana mpaka wanachumbiana. Tone moja lilikuwa jambo kubwa. Nilipoona harufu inatoka bure kwenye katundu, moyo uliniuma kama nimeona maziwa yanamwagika. Nilikata kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, nikaweka gundi, nikakibandika ndani ya kifuniko vizuri kabisa, pembeni hata pumzi haipiti. Sikumwambia mtu. Lilikuwa jambo dogo, na nilifurahi nalo peke yangu.

Kombi iliwaka. Uani pale Kinindo Madamu alipiga makofi mara mbili tu, akaacha, akafuta macho. Tukaitoa kwenda kuijaribu, na baada ya nusu saa, karibu na Rohero, ikakohoa, ikavutavuta kama mbuzi asiyetaka kwenda sokoni, ikazimika.

Sasa nieleze tabia yetu, maana kila kitu kilijificha humo. Katika mji ambao petroli imekuwa ya kutafuta, gari ikizimika huulizi bujia, zile plagi za kuwasha moto, wala betri. Unauliza tangi. Mishale ya kupima mafuta hatuiamini, mingi imekufa, na hii ya kombi ilikuwa imelala tangu Wazungu. Kwa hiyo kila fundi ana kijiti chake. Mjomba alikuwa na cha mwanzi, chenye alama za kisu. Gari ikizimika anashuka, anafungua tangi, anazamisha kijiti, anakitoa, anakinusa, anasema "iko," anafunga. Ni kama bismillahi. Ndipo kazi inaanza.

Siku ile ya Rohero alipima, akasema iko, akafunga. Akaniambia nifungue bujia, nizifute. Nikazifuta, nikarudisha. Ikawaka mara moja.

"Bujia zilikuwa chafu," mjomba alisema, na tukarudi Buyenzi tukitabasamu.

Siku ya tatu ikazimika tena. Kijiti, "iko," kifuniko. Mjomba akasema basi ni bobini, ile inayotengeneza moto wa bujia, ikipata joto inalegea. Tukapata nyingine ya zamani kwa rafiki yake, tukabadilisha. Ikawaka. Bobini ikapewa sifa. Wiki ikapita, ikazimika kwenye njia ya Kinindo, na yule wa mageti alikuwa na sisi siku hiyo, akasema, "Hii iko na majini, itafutieni shehe." Mjomba hakucheka. Alipima kwa kijiti, akafungua kabureta, akatoa chembe moja ya mchanga ndogo kuliko mbegu ya mtama, akaitazama kwa muda mrefu juu ya kidole. "Ni we," akaiambia. Gari ikawaka. Ile chembe aliifunga kwenye karatasi akamwonyesha Madamu.

Baada ya hapo ilikuwa pampu, na baada ya pampu ilikuwa nyaya.

Nimefikiria sana jambo hilo tangu wakati ule. Mtu anasifu kitu cha mwisho alichogusa. Mama yangu aliwahi kupona malaria siku aliyokunywa mchaichai, na mpaka leo mchaichai ni daktari wa nyumba yetu, ingawa alikuwa ameshameza vidonge siku tatu. Sisi tulikuwa tunagusa kitu, gari inawaka, tunakishukuru. Hakuna aliyefikiria kuhesabu kile tulichokigusa kila mara kabla ya kuanza, maana kukigusa hakukuwa kazi. Kulikuwa desturi tu.

Na kila mara tulikuwa tunarudi Kinindo kumwambia yule mama ajiandae, kisha tunarudi tena kumwambia asubiri kidogo. Mara ya kwanza alijibu sawa. Mara ya pili alikuwa amefungiwa nguo zake kwenye begi, akasema lisifunguliwe. Mara ya tatu begi lilikuwa bado pale miguuni, na alikuwa amepungua. Mashavu yalikuwa yameingia. Mawingu nayo yalikuwa yameanza kukaa juu ya milima kila alasiri, hayashuki, yanatazama tu.

"Nyinyi munaogopa nini?" aliuliza. "Ikizima mulimani, si itawaka tena?"

"Mama," mjomba alisema, "kule juu kuna kona hauoni mbele. Lori linashuka limebeba, breki zimechoka. Ikizima pale, mi siwezi kumuambia lori lisubiri nipime."

"Basi mi munipeleke hapa chini, kwenye tambarare. Nataka kuona kama mugongo utavumilia kitanda chenyewe. Ikizima, izime na mi ndani."

Madamu alikataa. Wakabishana kwa Kirundi haraka kuliko ninavyofuata, na mgonjwa, ambaye ndiye mkubwa, akashinda kama wakubwa wanavyoshinda, kwa kunyamaza ghafla.

Tulimbeba kwa shuka, sisi watatu na jirani mmoja, tukamlaza. Mjomba alishika usukani, Madamu akakaa mbele pamoja naye, mimi nikakaa sakafuni kando ya kitanda, mkono wangu kwenye nyonga yake asibingirike kwenye kona. Aliniomba nifungue pazia. Alitazama nguzo za umeme zikipita kwa juu, majani, vidirisha vya ghorofa, kwa sababu amelala alikuwa anaona sehemu za juu tu za mji, na alikuwa anazitambua. "Hapa ni kwa muuza vitanda," alisema. "Hapa tumepita shule."

"Unajuaje, mama?"

"Barabara iko na sauti yake. Ukilala miezi minane, masikio yanaota macho."

Tulishuka upande wa ziwa, tukazunguka, tukarudi. Nusu saa ikafika, kombi ikakohoa. Mjomba aliisogeza pembeni ikazimika. Alishuka na kijiti chake. Nilisikia kifuniko kikifunguliwa upande wa nje, kijiti kikizama, na sauti yake kwa mbali: "Iko." Akapita nyuma, akagusagusa nyaya. Madamu akazungusha ufunguo kama alivyofundishwa, ikawaka.

"Ilikuwa waya," mjomba alisema akipanda. Sauti yake haikuwa na furaha tena.

Nilimwona yule mama amegeuza shingo, sikio lake liko kwenye ubao wa ukuta. Upande wa pili wa ubao ule, sawa na mto wake, ndipo mdomo wa tangi ulipo. Nilidhani mgongo unamuuma nikamuuliza.

"Ninyamazie kidogo, mwanangu," alisema. "Twende tena."

Tukaenda tena, karibu muda uleule, juu ya barabara tambarare yenye upepo wa ziwa, ikazimika mara ya pili. Mjomba aliweka kichwa juu ya usukani kidogo, kisha akachukua kijiti. Yule mama akapiga ubao kwa vidole vyake.

"Fundi. Usifungue kwanza. Njoo hapa."

Mjomba alikuja mlangoni.

"Muzime kila kitu. Na hiyo feni ya ndani. Dada, funga mudomo wako, nakupenda lakini funga. Sasa, fundi, ufungue pole pole."

Tulinyamaza wote. Baiskeli ilipita na mnyororo wake ukilia, ikaenda. Mjomba akazungusha kifuniko, na mimi, sakafuni pale, kwa mara ya kwanza nikaisikia. Fyuuu. Ndefu, ya kuvuta ndani, kama mtu aliyezama ziwani na sasa ametoa kichwa.

"Mumesikia?" alisema yule mama.

"Nini?" Mjomba masikio yake yameliwa na nyundo miaka thelathini.

"Inavuta pumzi. Na ile ya kwanza ilivuta vilevile, nikasema labda ni mi naota. Fundi, we unajua mawese?"

"Nakula tu, mama."

"Mi nimeuza. Bidoni, lile dumu la mafuta, ikijaa, ukiifungua mudomo mumoja na kuinamisha, mafuta inakuja, inasita, inakuja, inasita, halafu inagoma. Hata mutoto anajua. Unachukua musumari, unatoboa katundu huku mugongoni, inashuka kama maji. Bidoni inataka kuvuta pumzi ndiyo itoe mafuta. Hii tangi yenu inatoa, inatoa, haivuti. Inachoka, inafunga koo. We unakuja na kijiti chako, unafungua, inapumua. Unaenda kushika waya, unasema waya imepona." Alipumzika kidogo, maneno yalikuwa mengi kwa kifua chake. "Sasa niambieni, pua ya hii tangi iko wapi?"

Mimi nilijua iko wapi.

Mjomba aligeuza kifuniko kwenye kiganja chake. Kipande cha tyubu kilikuwa pale, kimekaa safi, gundi yangu imekishika pande zote. Alikigusa kwa ukucha.

"Hii nani ameweka?"

Sitaki kujifanya mtakatifu. Wazungu wawili walikuwa mbali sana, na wasingekuja kukanusha. Marehemu mume wa Madamu naye angeweza kubebeshwa lawama. Yote hayo yalipita kichwani mwangu kwa haraka, na midomo yangu ilikuwa imeanza kujiandaa. Lakini mkono wangu ulikuwa bado kwenye nyonga ya yule mama, na chini ya kitenge nilisikia mfupa wake, ambao wiki tano nyuma usingesikika.

"Ni mi, mjomba," nilisema. "Niliona petroli inatoa harufu. Nilitaka isipotee."

Madamu aligeuka akanitazama kwa yale macho ya walimu, yanayojua kwamba unajua. Nilisubiri kofi, kusema kweli nililitamani, lingemaliza jambo. Mjomba akakaa kwenye ukingo wa mlango.

"We umeziba mara moja," alisema mwishowe. "Mi nimekishika mukononi wiki tano. Kila siku nakifungua, kila siku nakifunga, naangalia kijiti." Akakohoa. "Na ile chembe ya muchanga nimeionyesha watu Buyenzi nzima."

Yule mama alianza kucheka. Kucheka kulimuumiza, akawa anacheka na kulalamika pamoja, "Wee, mugongo wangu, muchanga, wee," na Madamu naye, aliyekuwa amekusudia kukasirika, akashindwa. Mimi sikucheka. Aliniona, akanishika kidole kimoja.

"Ulikuwa unachunga," aliniambia. "Ni vizuri kuchunga. Lakini siku nyingine kitu kikiwa na tundu, uulize kwanza kwa nini liko."

Mjomba alibandua mpira kwa bisibisi, akaomba pini kwenye kitambaa cha Madamu, akazibua katundu. Tulirudi Kinindo bila kuzimika.

Ningekuwa mimi, tungeondoka kesho yake. Petroli ya safari ilikuwepo, ile iliyokuwa imechungwa kwa madumu mawili, na anga lilikuwa bado linasita. Mjomba alisema apana. Alisimama uani, mikono nyuma.

"Hii gari imepona mara tano," alisema. "Mara tano nilikuwa na uhakika. Nataka kuirudishia ugonjwa."

"Kuirudishia?" Madamu aliuliza.

"Nabandika ule mupira, natembea mpaka izime. Natoa mupira, natembea mpaka nichoke. Narudia. Kama kweli ni ule mupira, utakuwa unaua kila nikiuweka, na ukitoka hakuna kifo. Hapo nitajua. Sasa hivi nimeambiwa tu, na nimependa kuamini."

"Na petroli?"

"Itaisha."

Madamu alinitazama mimi, kama vile mimi ndiye ningemkataza. Petroli ikiisha, ni mlongo tena, siku mbili, siku nne, nani ajuaye, na mvua iko mlangoni. Tukaingia kumuuliza mwenye safari. Alisikiliza amefumba macho, mpaka nikafikiri amelala.

"Fundi ana haki," alisema. "Mi ndiye nimesikia, lakini na mi naweza kusikia vibaya. Sipandi mulima juu ya neno la mutu, hata likiwa langu. Tumieni."

Nilibandika ule mpira kwa mikono yangu. Kazi ile ile, gundi ile ile, na kila nilipobonyeza pembeni nilijisikia kama naziba pua ya mtu. Tulitembea kwenye tambarare, mjomba akitazama saa, mimi nikitazama saa. Ikazimika. Safari hii hatukugusa kitu: mjomba aliniambia nifungue kifuniko tu, nikafungua, ikavuta, ikawaka. Tukafunga tukatembea, ikazimika tena kama iliyoitwa. Kisha tukautoa mpira. Saa nzima ilipita, na robo, na gari ikaendelea kuunguruma. Mjomba hakusema imepona. Alisema tu, "Twende nyumbani," na akautupa ule mpira dirishani. Bila kufikiri nilinyoosha mkono kama nataka kuudaka.

Mlongo ulituchukua siku tatu. Tuliisukuma kombi kwa mikono kutoka nafasi hadi nafasi ili isile hata kidogo, na watu wa nyuma walikuja kuomba kuona kitanda. Siku ya tatu matone ya kwanza yalipiga bati lake. Yalikuwa matone makubwa, ya mbali mbali. Nilihesabu nikaacha, nikamwomba Mungu tu.

Tuliondoka asubuhi yake. Mvua ilikuwa imepita mbio na kuacha lami inang'aa. Mjomba alipanda kwa gia ya pili, malori mbele yetu yakikokota vijana wa baiskeli walioshika nyuma kwa mkono mmoja. Nusu saa ilitufikia katikati ya kona mbaya kuliko zote, ukuta wa udongo upande mmoja na upande mwingine mji wote na ziwa vimelala chini kama vitu vya mtu mwingine. Mimi nilikuwa nimeshika pumzi. Nilimtazama yule mama, sikio lake lilikuwa kwenye ubao.

"Inasema nini?" nilimuuliza.

"Inapumua. We pia upumue, kijana, utaniangukia."

Bugarama wauza karoti walitukimbilia, mmoja akachungulia dirishani akamwona amelala na mapazia yake. "Huyu ni tajiri kabisa," akawaambia wenzake, "anasafiri na chumba." Alimjibu kwa Kirundi jambo ambalo liliwafanya wote waanze kupigana mabega. Madamu alikataa kunitafsiria.

Kutoka pale njia ilikuwa ya udongo, mjomba akienda taratibu kama amebeba mayai. Tulipofika, watoto walikuwa wametuzunguka kabla injini haijazimwa, na nyuma yao wakaja wakubwa, wakipangusa mikono, wakijiuliza ni kina nani hawa wenye nyumba ya magurudumu. Nilifungua mlango wa pembeni. Nilikuwa naogopa nyuso zao kuliko nilivyoogopa kona.

Mzee mmoja wa kike, bila shaka aliyekuwa msichana pamoja na yule mama zamani, alisogea mpaka mlangoni akatazama ndani. Akamtambua. Hakushika kichwa wala hakulia. Alianza kumgombeza. Sikuelewa yote, Kirundi chao cha mlimani ni kirefu na kizuri, lakini nilielewa miaka, nilielewa harusi ambazo hakuja, nilielewa ng'ombe aliyezaa akaitwa jina lake na yeye hajawahi kumwona. Aliendelea kugombeza huku anavua viatu vyake vya matope, anaviweka sawa sawa nje, anapanda, anakaa kwenye ukingo wa kitanda, anajaribu godoro kwa kiganja. Yule mama alimjibu kwa sauti ile ile, haraka, maneno yakigongana, na Madamu akaniambia kwa chini nimwongezee mto mmoja chini ya kichwa, apate nguvu za kugombana vizuri.